Bosi anataka tena orodha ya wanaotumia Wi-Fi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 26, fundi wa mtandao hapa Dodoma. Nilisomea TEHAMA ngazi ya cheti, nikahangaika na vibarua vya kuvuta nyaya kwenye maofisi kule Mtumba, na tangu mwezi wa tisa mwaka jana nimeajiriwa na mzee mmoja mwenye hosteli tatu upande wa Ng'ong'ona. Wapangaji wake ni wanafunzi wa chuo. Kazi yangu ni kuhakikisha Wi-Fi ipo. Kila hosteli ina ruta yake, na zote nazisimamia kwa laptop yangu nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha mlinzi. Mshahara si mkubwa, lakini unafika kila tarehe 30 bila kuruka, na ndio unaomsomesha mdogo wangu kidato cha tatu Mpwapwa.

Mwanafunzi akihamia anajaza fomu ya Wi-Fi: jina, namba ya simu, chumba, na namba ya NIDA. Hiyo ya NIDA aliitaka bosi. Wale wa mwanzo niliwaandika mwenyewe langoni, foleni ndefu, jua la saa saba, kila mtu ana begi kichwani na anataka aunganishwe awaambie nyumbani kwamba kafika. Baadaye bosi akaniambia niwashe na kumbukumbu za tovuti, ili tujue nani anamaliza kasi kwa kupakua muvi. Nikawasha. Kwa hiyo ruta inaandika simu ya nani imefungua tovuti gani na saa ngapi.

Mwezi wa pili alinipigia, akaniambia nimtolee vyote kwenye Excel nimtumie WhatsApp. Sikuuliza. Mistari 412. Niliituma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chipsi, nikaagiza na mishikaki miwili. Nilidhani ni mambo ya hesabu za kodi.

Wiki tatu baadaye binti mmoja wa hosteli ya pili akaja kibandani na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa SMS na watu wa mikopo ya mtandaoni. Wanamwita kwa majina yake mawili, wanataja chumba chake, wanamtaka amwambie mwenzake wa chumbani alipe deni kabla hawajawapigia wazazi. Yeye hajawahi kukopa popote. Akaniuliza, "Kaka, hivi hawa namba ya chumba changu wameitoa wapi?"

Shangazi, nilijua hata kabla hajamaliza kuuliza. Jina lake la pili nililikosea siku ile ya foleni, niliruka herufi moja, na sikuwahi kurekebisha. SMS ilimwita kwa kosa langu lilelile. Kitambulisho chake kiko sawa, chuoni wana jina sahihi, laini yake imesajiliwa kwa jina sahihi. Jina lile limekosewa vile kwangu tu. Nikamjibu, "Sijui."

Nilimfuata bosi. Hakukataa. Alisema ana jamaa yake anayekopesha na anatafuta wateja, hasa vijana wanaoingia sana kwenye tovuti za mikeka, yaani za kubeti, kwa sababu hao huwa wanahitaji hela haraka. Akasema ruta ni yake, umeme ni wake, bando analipia yeye, kwa hiyo na data ni zake. Sasa anataka orodha ya muhula huu ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna na jamaa mwingine wa matangazo anayetaka kujua wanafunzi wanapenda nini. Huyo, anasema, nimtolee isiyo na majina, kila mtu nimpe namba ya kubuni tu, hapo hakuna shida. Ameahidi kuniongezea 50,000.

Nimewaza kufuta kila kitu usiku, asubuhi niondoke. Nimewaza pia kunyamaza, maana rafiki yangu anasema makampuni makubwa duniani yanafanya hivyohivyo, mimi ni nani? Lakini yule binti kila akipita langoni ananisalimia vizuri, bado ananiita kaka. Nifanye nini?

Fundi, Ng'ong'ona

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na jibu, maana mwisho wa mwezi hauko mbali. Usiitume hiyo orodha. Yenye majina usiitume, na isiyo na majina usiitume. Hiyo 50,000 usiipokee hata kama utaambiwa ni ya kazi nyingine.

Mimi nimefanya kazi masijala miaka 31. Nilianzia Dar es Salaam, na serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, nikaja na mafaili yangu kwenye lori. Miaka yangu ya mwanzo kazini, mwenzangu wa chumba cha jirani aliniomba achungulie faili la mtumishi mmoja, dakika mbili tu. Ndani mlikuwa na barua ya daktari. Nikampa, kwa kuwa mchana tulikuwa tunakula sahani moja. Kufika saa kumi jioni mwenye faili anapita koridoni na watu wananyamaza. Kabati lilikuwa la serikali, karatasi ya serikali, hata wino wa serikali. Ugonjwa ulikuwa wake. Bosi wako akisema tena kwamba ruta ni yake, umkubalie. Ruta ni yake. Usiku wa mwanafunzi ndani ya ile ruta si wake.

Na nchi hii ina sheria ya jambo hili. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Novemba 2022, hapahapa mjini kwetu, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kwa lugha ya sheria hiyo bosi wako ni "mkusanyaji", na mkusanyaji anatakiwa awe amesajiliwa na Tume, akusanye kwa kusudi linalojulikana, na asizigeuzie taarifa kusudi jingine. Wale watoto walitoa namba zao ili wapate intaneti. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kutafutiwa mkopeshaji. Chini ya hayo yote kuna Katiba yenyewe, ibara ya 16, inayolinda faragha ya kila mtu.

Sasa sikia hili vizuri. Mtu binafsi anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni faini yake inaweza kufika bilioni 5. Aliyeagiza ni bosi. Simu iliyotuma ni yako. Sikutishi, mwanangu, ila nataka ujue umesimama wapi, kwa sababu mambo yakiharibika usishangae mzee akisema "mimi sijui mambo ya kompyuta, muulizeni fundi."

Kuhusu hizo kumbukumbu za tovuti nilimpigia mpwa wangu anayefanya kazi ya mitandao, nikamwomba anieleze taratibu, na naandika hapa kwa ajili ya wasomaji wengine pia. Anasema siku hizi tovuti nyingi zina lile kufuli dogo juu, maana yake kinachoandikwa na kusomwa ndani kimefungwa, mwenye ruta hakioni. Watu wakisikia hivyo wanalala usingizi. Ila simu kabla haijafika kwenye tovuti lazima iulize njia, na kwa kawaida hapo jina la tovuti hupita wazi. Mimi nikaelewa kwa namna yangu: tarishi hafungui bahasha, lakini anwani anaisoma, na muhuri wa tarehe anauona. Mtu akifungua tovuti ya dawa za kufubaza VVU saa nane usiku, akakaa dakika 40, na kesho yake asubuhi akafungua ya hospitali, unahitaji kusoma barua yake ya nini? Umekwisha kujua. Na kwa binti wa miaka 20 badala ya dawa weka mimba, au weka deni, au weka tu jina la chama au dini ambayo nyumbani hawaijui.

Ndiyo maana hiyo orodha "isiyo na majina" nimekukataza nayo. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno ambayo wateja wake wapatao 650,000 waliyatafuta kwenye intaneti. Majina waliyatoa, kila mtu akabaki na namba, kama anavyotaka bosi wako. Haikupita wiki, waandishi wa gazeti wakasoma alichokuwa anatafuta mtu mmoja, mambo ya mji wake, watu wa ukoo wake, mbwa wake, wakaenda wakagonga mlango wa mwanamke mtu mzima jimbo la Georgia. Alikuwa yeye. Hao walimpata kati ya watu laki sita na nusu. Wewe una 412, kwenye hosteli tatu, wote wanajuana. Anayefungua kila Jumapili redio ya wilaya yake, halafu matokeo ya kitivo chake, halafu tovuti ya kanisa lake, wenzake watamtaja kwa mistari minne.

Rafiki yako anayesema makampuni makubwa yanafanya hivyohivyo, hajakosea kwamba yapo yaliyofanya. Amekuacha nusu ya njia. Avast, wale wanaotengeneza programu za kukinga kompyuta na virusi, walikuwa wanakusanya tovuti wanazotembelea wateja wao na kuziuza kupitia kampuni yao tanzu. Mtu ameweka mlinzi mlangoni, mlinzi anaandika nani kaingia na nani katoka, jioni anauza daftari. Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliwaamuru walipe dola milioni 16.5 na kuwapiga marufuku kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Mpe na hiyo nusu ya pili.

Kufuta kila kitu usiku na kuondoka, hapana. Utaacha maswali yote na wewe ndiye utakayeonekana mwizi, na yule binti akitaka kulalamika ushahidi wake utakuwa umeutupa wewe. Usijichukulie nakala ukaenda nayo nyumbani pia, hata kwa nia ya kujilinda, maana hapo taarifa za watu 412 zitakuwa zimevuja mara ya pili. Chukua daftari la kawaida. Andika tarehe uliyoombwa, uliyotuma, ulituma kwa njia gani, aliyosema bosi, siku binti alipokuja. Kalamu, si penseli.

Halafu umjibu bosi kwa maandishi, kwa njia ileile aliyokuombea. Namna hii: "Shikamoo mzee. Kuhusu orodha ya wapangaji, sitaweza kuitoa kwa mtu wa nje, sheria ya taarifa binafsi hairuhusu bila wao kukubali, na mimi na wewe wote tutaingia matatizoni. Ile ya mwezi wa pili naomba umwambie jamaa aifute na aache kuwatumia ujumbe. Niko tayari kukaa na wewe tuupange mfumo vizuri." Usiongeze neno la hasira. Akikupigia badala ya kuandika, msikilize kwa heshima, ukikata simu uandike kwenye daftari alichosema.

Na akikubali kukaa nawe, umwonyeshe kwamba hasara hana. Alisema shida ni wanaomaliza kasi. Mpwa wangu anasema ruta yenyewe inaweza kumgawia kila mpangaji kasi yake, akiimaliza kwa muvi au kwa masomo ni juu yake, na hapo huhitaji kujua anatazama nini. Basi zima kumbukumbu za tovuti. NIDA iondoke kwenye fomu. Mtu anakaa chumba namba 14, unamjua, Wi-Fi haihitaji namba yake ya taifa. Aliyehama chuo, taarifa zake zihame naye. Ajisajili Tume, na habari ya leseni ya kusambaza intaneti aiulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mzee mwenye hosteli tatu ana cha kupoteza kuliko huyo jamaa yake wa mikopo, na naamini ukimweleza hivyo ataelewa haraka kuliko ukimweleza habari za faragha.

Kuna jambo umelitaja ukapita, mimi limeniuma. Umesema zote unazisimamia kwa laptop yako, ukiwa kibandani. Ni laptop yako binafsi, hata ya mwajiri siyo. Ina nywila? Ukienda kula inabaki wapi? Nani mwingine anaangalia mpira humo? Leo hii, kabla hujamwandikia bosi, ifunge kwa nywila ngumu, na za ruta ubadilishe zile zilizokuja na kiwanda kama bado zipo.

(Na nyinyi wenye gesti, kwa kuwa tuko hapa. Nikisafiri kwenda Singida au Kondoa, daftari la wageni nalikuta wazi kaunta: jina, simu, umetoka wapi, unaenda wapi, mko wangapi. Najaza mstari wangu huku nasoma ya aliyelala jana, nani na nani. Weka karatasi ya kufunika mistari ya juu. Haigharimu hata mia.)

Sasa yule binti. Wewe umemweka mwisho wa barua na mimi nilitaka kumweka mwanzo, ila nilihofia ungeacha kusoma. Ulimwambia hujui. Hilo neno ndilo linalokunyima usingizi kuliko Excel, na hakuna sheria itakayokutolea. Umfuate umwambie ukweli: orodha ilitoka kwako, uliombwa na aliyekuajiri, hukuuliza, na ulipoulizwa ukadanganya. Umwombe radhi, usimwombe anyamaze. Ana haki ya kujua taarifa zake zipo wapi, ya kutaka zisitumike, ya kulalamika Tume, na ya kudai fidia akiumizwa. Akitaka kulalamika, daftari lako ni la kwake pia.

Mpe na haya ya mkononi. SMS za vitisho asizifute, apige picha skrini ikionyesha namba na saa. Kwa kuwa NIDA yake ilikuwa kwenye ile orodha, abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Kusajili laini kunataka alama ya kidole kwa hiyo sitarajii akute kitu, lakini akague. Zikianza kumjia SMS za utapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", azipeleke 15040. Na yule mwenzake wa chumbani mwenye deni, msimwache peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Aangalie kama hiyo iliyomkausha damu imo, na kwa kuwa wanatishia kuwapigia wazazi, awapigie wazazi wake yeye mwenyewe kwanza. Mzazi akisikia kutoka kwa mwanawe, kile kitisho kimeisha nguvu. Nimeliona hilo kwa macho yangu nyumbani kwangu.

Kisha kuna wengine 411. Sidhani unaweza kuwaendea mmojammoja, na hilo ni jukumu la bosi kabla halijawa lako. Kwenye mazungumzo yenu mwambie abandike tangazo langoni: taarifa zenu zilifika kwa mtu wa nje mwezi wa pili, hizi na hizi, mkipata ujumbe wa mikopo msimjibu, njooni ofisini. Akikataa katakata, akang'ang'ania orodha ya pili, basi nenda Tume mwenyewe na daftari lako. Itakuwa siku ngumu. Uende.

Kazi yako inaweza kuondoka. Sitakudanganya kwamba mzee atakupongeza, na ada ya mdogo wako ni kitu halisi, haifutwi na maneno mazuri ya Shangazi. Hivyo anza wiki hii kuulizia. Mji huu unajengwa kila kona, ofisi zinahamia, nyumba za wageni zinajaa kila Bunge likikaa, na wote wanataka mtu wa kuwafungia mtandao. Ukiulizwa kwa nini ulitoka ulikokuwa, wewe sema ulikataa kutoa orodha ya wateja. Kwa mwajiri wa maana hilo ni barua ya sifa. Asiyelipenda usimfanyie kazi.

Kwa binti usisubiri bosi akujibu. Jumamosi asubuhi wengi wanakuwa nje wanafua. Nenda mapema, msimame palipo wazi ambapo atakuwa na amani, na kabla hujamwambia lolote muulize jina lake la pili linaandikwaje.